Siye Huyu

Mama alizika wawili kabla yangu,
kwa hiyo nilipolia mimi akaniita Enebish,
yaani Siye Huyu,
ili maradhi yakibisha hodi usiku
yasikie jina, yagune, yapite.

Miaka thelathini na minane yalipita.
Nilichomelea mageti kilimani, juu ya Ulaanbaatar,
nikavuta moshi wa makaa kama kila mtu,
nikakohoa kama kila mtu.
Wiki ya tatu nikasema ni moshi.
Wiki ya tano, baridi.
Shati nililikamua jasho usiku wa manane,
nje maji yakiganda ndooni,
nikasema ni jiko, Norjmaa kalijaza mno.
Mshipi ukaomba tundu jipya, nikautoboa kwa msumari.
Kisha kwenye theluji, mbele ya mlango,
doa jekundu, dogo kama kifungo.
Kwa doa lile sikupata cha kusingizia.

Nesi Dulmaa alitaka makohozi, si mate:
"Yavute kutoka chini kabisa, yalikojificha."
Majibu yalipokuja nikamweleza maana ya jina langu.
Akacheka, lakini si kwa kuniumiza.
"Kijidudu hiki hakijui kusoma.
Hakipandi kikombe wala kijiko,
hakitumwi na laana ya mtu.
Kinapanda pumzi. Ukikohoa kinaelea,
na humo hemani watu wanne mnavuta pumzi moja."

Basi tukagombana na baridi.
Yeye: fungueni tundu la paa, hewa ipite.
Mama: afe kwa kifua au afe kwa kuganda?
Tukafungua adhuhuri, jua likiwa wima,
tumejifunika ngozi za kondoo,
tukitazama joto letu likipanda angani
kama pesa iliyotoboka mfukoni.

Kikombe changu mama alishakitenga,
amekifunga uzi mweusi.
Dulmaa akakichukua, akanywea chai ya chumvi, akakirudisha.
Jioni uzi haukuwapo.

Walipimwa wote. Udval, miaka minne, mzima,
akapewa vidonge vya kinga, akaringa navyo.
Vyangu vilikuwa vinne kwa mpigo, kabla sijatia kitu tumboni,
na kimojawapo kiligeuza mkojo rangi ya chungwa,
hata machozi.
Kila asubuhi mwanangu alizunguka nyuma ya hema
kukagua chungwa la baba kwenye theluji.

Mwezi wa tatu nikanenepa.
Mshipi ukarudi tundu lake la zamani.
Dulmaa, kwa kuniamini, aliniachia dawa za wiki nzima.
Mzima anameza dawa ya nini?
Nikazitia ndani ya buti: siku ya kwanza, ya pili, ya nne.
Kifua kimya. Nikajiona mjanja.
Siku ya tano Udval akaingia, pua nyekundu, amenuna,
mbele ya mama, mbele ya Norjmaa,
mbele ya Dulmaa na daftari lake:
"Baba, chungwa limekwisha."

Hakufoka. Alimimina buti, akahesabu.
Kisha akanitajia Gombosuren wa bonde la pili,
aliyeacha akiwa amenona vivyo hivyo.
"Vilibaki vichache tu kifuani,
lakini ndivyo vikaidi, vikazaana.
Dawa hizi sasa kwake ni maji.
Yumo mwaka wa pili wa dawa nyingine,
sikio la kushoto halisikii,
na hao wakaidi amempumulia mkewe."

Norjmaa alikuwa akikoroga chai. Aliacha kukoroga.

Nilimeza mbele yao. Kesho yake nikameza.
Mwezi wa sita theluji ikayeyuka,
ushahidi ukakosa pa kuandikwa,
hakuna aliyeweza kunikagua nyuma ya hema,
na bado nilimeza.

Makohozi ya mwisho yalirudi safi.
Udval anauliza: baridi ikija tena,
na chungwa litarudi?
Nimemwambia la.
Nitamnunulia la kweli, sokoni, lenye maganda.
Hajaridhika.